Sauti Iliyofika Darajani

Mkurugenzi mkuu wa kiwanda cha nguo alikuwa na majina matatu. La kwanza lilichongwa kwenye kibao cha shaba mlangoni pake, ghorofa ya nne, refu kama treni ya mizigo, na hakuna aliyelitumia isipokuwa benki. La pili ni Mama. Hilo walimwita wafanyakazi, kwa sababu mtu ukishamwita Mama unaweza kumwomba ruhusa ya kwenda msibani hata kama marehemu ni yuleyule uliyemzika mwaka jana. La tatu alipewa na shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto: Kidole. Tutatumia hilo, maana ndilo alilojisikia kuwa nalo hata alipokuwa ndani ya suti.

Alilipata siku yake ya kwanza kiwandani, msichana aliyemaliza shule asijue amemaliza ili iweje. Alisimamishwa mbele ya pipa la rangi ya buluu, akaambiwa asiguse. Akachovya kidole kuhakikisha kama ni rangi kweli. Ilikuwa rangi kweli. Sabuni ilishindwa, mchanga ukashindwa, na kwenye harusi ya binamu yake alikwenda amekifunga bandeji, watu wakawa wanampa pole ya ajali na yeye akawa anaipokea kwa uso wa mgonjwa.

Sasa alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, kidole kilikuwa safi, na shida yake ilikuwa banda.

Kiwanda kilijengwa mteremkoni. Juu ofisi, katikati mitambo ya kusokota na kufuma, chini idara ya rangi, na chini kabisa, ukingoni mwa kijito, banda la suuza: kuta za matofali hadi kiunoni, nguzo, paa la bati, na ndani yake mahodhi ya saruji yaliyokauka zamani. Tangu mitambo mipya ije, hakuna aliyesuuza kitambaa humo. Palikuwa pamegeuka mahali pa kutupia viti vilivyovunjika miguu. Lakini maji machafu ya idara ya rangi yaliendelea kupita chini yake, katika mfereji uleule wa zamani, hadi kijitoni. Leo mekundu, kesho kijani, keshokutwa rangi ambayo hata mafundi hawakuwa na jina lake.

Mambo yalikuwa yamefika shingoni. Wanunuzi wa vitambaa walisema, na serikali ikasema baada yao, kwamba mwaka ukiisha na maji hayo bado yana rangi, idara ya rangi ifungwe. Njia zilikuwa mbili. Moja ni mabwawa ya kusafishia maji. Mabwawa yalitaka ardhi iliyo chini ya idara ya rangi, maana maji hayapandi kilima kwa kubembelezwa, na ardhi hiyo ilikuwa moja tu, pale penye banda. Nyingine ni bomba: liyachukue maji hivyohivyo yalivyo, lipite nayo mtaa wa chini, lipite daraja, likayamwage mbali nyuma ya kona, karibu na pale kijito kinapoingia mtoni na rangi inapotea machoni mwa wapimaji. Bomba lilikuwa rahisi kulijenga. Na likijengwa bomba, banda linabaki.

Mtu angedhani Kidole hakuwa na la kufikiri. Si ndiye aliyekuwa akialikwa kila mkutano kusema juu ya wanawake katika uongozi na uendelevu wa kampuni? Neno lenyewe, uendelevu, ni yeye aliyelileta kiwandani. Siku alipolitangaza, fundi mmoja wa mitambo alisimama akashukuru sana, akasema wamefurahi kuona uongozi umetambua umuhimu wa kuendelea, ila wangependa kujua hizo saa za kuendelea zitalipwa mwisho wa mwezi au katikati. Ilichukua mwaka mzima kumweleza, na hata leo ukimuuliza atakwambia ni saa za ziada zilizovaa tai.

Kisha lilichapwa jarida la kampuni, na jaladani yumo yeye na wajumbe wengine wawili wanawake wa bodi wanapanda mti. Mti ule ulipandwa mara tatu mchana mmoja kwa sababu mpiga picha hakupendezwa na mwanga. Kufika jioni ulikuwa umechoka kuliko wao, na haukuishi wiki. Lakini picha ilitoka nzuri.

Hata hivyo, kila bodi ilipokutana na neno mabwawa likatajwa, Kidole aliomba waliahirishe. Mara michoro haijakamilika, mara mvua zipite kwanza. Mkuu wa fedha, aliyeitwa Bwana Kalamu kwa sababu hakuna aliyewahi kuona sikio lake la kulia likiwa tupu, alifurahi kimoyomoyo, kwani yeye alikuwa mtu wa bomba. Mwenyekiti wa bodi naye, Mzee Kikohozi, hakuuliza. Huyu alikuwa na kawaida ya kukohoa kabla ya kukataa jambo. Kikohozi kimoja maana yake sipendi, viwili maana yake tuendelee na lingine. Kwa habari ya mabwawa alikuwa amekwisha kukohoa kimoja.

Asiyefurahi alikuwa mkuu wa mazingira, binti aliyebeba vichupa vya maji mkobani kama wengine wanavyobeba poda, wakamwita Bi Vipimo. Siku moja alimkuta bosi wake kule bandani wakati wa chakula cha mchana, amekaa kwenye ukingo wa hodhi, viatu amevivua. Akaketi kando yake bila kualikwa.

"Mama," akasema, "watu wanaandika kwamba kampuni zinazoongozwa na wanawake hutunza mazingira kuliko nyingine. Mimi sijui kama ni kweli huko kwingine. Natamani iwe kweli hapa kwetu."

Kidole akatazama mfereji. Siku hiyo ulikuwa wa zambarau. Akamwambia wataongea Ijumaa, kwenye kikao, na Ijumaa hataahirisha tena. Bi Vipimo akaondoka akiwa na uso wa mtu aliyeahidiwa mvua na mtangazaji wa redio.

Alichoshindwa kumwambia ni kwamba lile hodhi alilokalia lilikuwa la shangazi yake.

Zamani zile banda lilikuwa na wanawake pekee. Wanaume walishika mapipa ya rangi, kwa sababu rangi ilihesabiwa kuwa ni ufundi. Suuza ikahesabiwa kuwa ni kufua, na kufua mnajua alipewa nani. Walisimama majini mpaka magotini tangu asubuhi, sketi zimekunjwa na kupachikwa kiunoni, wakivuta vitambaa vizito kama ng'ombe asiyetaka kwenda. Walicheka siku nzima. Kidole aliwahi kukaa katika vyumba vingi vyenye mazulia tangu hapo, lakini hakuwahi kusikia kicheko cha namna ile, kile kinachoanzia kwa mmoja kwenye hodhi la mwisho na kufika hodhi la kwanza bila mtu kujua kilihusu nini. Kila mmoja alikuwa na kucha za miguu za rangi ya kazi yake ya jana. Mwenyewe Kidole alijifunza kujua wiki ilikwendaje kwa kutazama miguu ya wenzake wakati wa kuvaa ndara.

Msimamizi wao alikuwa Shangazi. Na Shangazi alikuwa na kanuni moja.

Chini ya banda, kijitoni, walifulia wanawake wa mtaa wa chini. Hodhi likifunguliwa, maji yaliwashukia mekundu kama damu, na shuka nyeupe ikiingia humo haitoki nyeupe tena mpaka kiama. Kwa hiyo kabla ya kung'oa kizibo, Shangazi alipanda ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea bondeni: "Mgeni huyooo!" Maji ya rangi waliyaita mgeni, kwa sababu huja kwa madaha na akiondoka anakuachia madoa. Huko chini wanawake walinyakua nguo nyeupe, wakasimama nazo mikononi. Kisha mmoja wao huitikia: "Apiteee!" Ndipo kizibo kinang'olewa. Pasipoitikiwa, kizibo hakitoki.

Kuna siku hawakuitikia. Shangazi aliita, akaita tena. Kimya. Hodhi limejaa, vitambaa vinangoja, mitambo ya juu imesimama. Meneja wa wakati ule akashuka mteremko na viatu vyake vinavyong'aa kuuliza kulikoni. Akamkuta Shangazi ameketi ukingoni, unyayo wake uko juu ya kizibo.

Akamuuliza anangoja nini.

"Nangoja kuitikiwa," Shangazi akasema.

Meneja akasema maneno mengi, mengine ya lugha ya kiofisi. Shangazi akamsikiliza kwa adabu kabisa, akamwonyesha pa kukaa. Mwishowe meneja akakaa. Walikaa hivyo, bosi na msuuzaji, hadi sauti ikaja kutoka bondeni, ikiomba radhi: walikuwa wamekwenda kumsaidia mwenzao aliyeshikwa na uchungu, na ni mtoto wa kike, na apite. Kizibo kikatoka. Tangu siku hiyo hakuna meneja aliyeshuka tena kuuliza.

Baadaye, Kidole aliposoma masomo ya jioni, akawa karani, akawa msimamizi, akawa mkuu wa idara, alipandishwa hadi ghorofa ya nne ambako hapakuwa na choo cha wanawake, kwa kuwa aliyechora jengo hakuota kama atakuja mmoja. Mwaka wa kwanza alikuwa akishuka ngazi hadi ghorofa ya pili, kikao kikimngoja au kisimngoje. Na kila alipokuwa akishuka, Bwana Kalamu akichungulia saa yake, alimkumbuka Shangazi na ule unyayo juu ya kizibo, akatembea polepole.

Siku alipopewa kiti kikubwa alikwenda kumwambia. Shangazi hakushangilia. Alimtazama mguu mpaka kichwa, akamuuliza kama kiti chenyewe kinazunguka. Kidole akasema kinazunguka. Shangazi akasema basi aangalie asije akapata kizunguzungu, na kwamba yeye ana ombi moja, halafu hatamsumbua tena maishani: lile banda lisiguswe maadamu mwanawe amekaa juu. Kidole akaahidi. Aliahidi upesi, kwa furaha, kama unavyoahidi siku ya harusi.

Ndiyo hiyo iliyokuwa ikiahirisha mabwawa.

Alhamisi alasiri aliacha gari barabarani akateremka kwa miguu hadi nyumbani kwa shangazi yake, nyumba ndogo ya mwisho kabla ya njia ya kijitoni. Shangazi, sasa bibi kizee, alikuwa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kucha zake bado zikiwa na kivuli cha kijani ambacho miaka yote hii haikukifuta. Kidole akamwamkia, akakaa, akaanza kusifu maua kwenye kopo.

"Hayo maua yamekufa," Shangazi akasema. "Wewe Kidole, ukianza kusifu vitu vyangu najua umekuja na msiba. Nani?"

"Hakuna aliyekufa, Shangazi."

"Basi umefukuzwa kazi."

"Bado."

"Haya. Sema, maji yangu yasipoe."

Akasema. Alieleza habari ya wanunuzi na serikali, akaeleza mabwawa na kwa nini yanataka pale pale penye banda. Akaona uso wa bibi unafunga kama duka jioni. Akaharakisha kueleza bomba, na kwamba kukiwa na bomba, banda halitaguswa hata bati moja.

Uso ukafunguka. "Sasa unanitishia nini? Wekeni bomba. Ahadi yako itabaki ahadi, na mimi nitakufa najua bado pana mahali ambapo wale wenzangu walisimama. Unajua waliobaki? Mimi, na yule Mrefu, na Mama Kicheko ambaye sasa hata meno ya kuchekea hana. Wengine wote nikitaka kuwaona naenda pale mlangoni, nachungulia."

Kidole akajua mlango ulikuwa wazi na anaweza kutokea hapo. Kesho anapiga kura ya bomba, ahadi imetimia, vipimo vinasoma vizuri, na jarida litapata picha nyingine. Akainuka. Akazitazama kucha zile za kijani ndani ya beseni. Hakuaga.

Shangazi alikuwa akipangusa mguu mmoja, taratibu. "Hilo bomba linaishia wapi?"

"Kule chini."

"Chini wapi?"

"Baada ya daraja. Nyuma ya kona."

"Huko kuna watu?"

"Wapo. Mtaa umeongezeka siku hizi."

"Wanafua?"

"Wanafua. Wengine wanachota."

Kitambaa cha kupangusia kikasimama. Bibi alitazama bondeni kwa muda, kama mtu anayepima umbali, na alipima kweli.

"Sauti yangu ilikuwa inafika darajani," akasema. "Upepo ukiwa mzuri. Haijawahi kupita daraja."

Kisha akamgeukia Kidole.

"Mtawaitiaje hao?"

"Hakuna kuita, Shangazi. Ni bomba. Linatoka saa zote."

"Bila kungoja kuitikiwa."

"Bila kungoja."

Shangazi akarudisha mguu kwenye beseni, ingawa ulikuwa umeshakauka. Akasema, sasa kwa sauti ya chini, kwamba watu wasimdanganye kuwa zamani walikuwa wema. Walikuwa wakimwaga uchafu, na yeye alijua kuwa ni uchafu, maana samaki walikuwa wakielea. "Akili ya kuyasafisha hatukuwa nayo. Akili tuliyokuwa nayo ni ya kuita. Sasa ninyi mna akili ya kuyasafisha, halafu mnataka kumwaga bila hata kuita? Kwa ajili ya bati langu?"

"Ni kwa ajili ya ahadi."

"Ahadi ulinipa mimi niishike, si wewe. Nimeiachia. Bomoa." Akageuza uso upande wa ukuta. "Na uondoke sasa hivi kabla sijabadili mawazo, kwa sababu nabadilika mimi, unanijua."

Kidole alikuwa ameshafika njiani alipoitwa tena.

"Siku mtakayofungulia hayo maji yenu mapya, mimi ndiye nitakayeita."

"Shangazi, yatakuwa safi. Hayana haja ya kuitiwa."

"Kuna mtu nimemuuliza?"

Ijumaa Bwana Kalamu alikuja na mchoro wa bomba, mzuri, umepakwa rangi tatu. Aliutandaza mezani, akaushika pembe kwa vikombe, akaeleza kwa nini ni rahisi, kwa nini ni haraka, na kwa nini bomba halitavunja hata tofali. Hapo akamtupia mkurugenzi jicho la urafiki, maana alijua bandani huwa anakwenda kukaa. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bi Vipimo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na vichupa vyake, aliinamisha chake.

Kidole akauliza bomba linaishia wapi.

Bwana Kalamu akatoa kalamu sikioni, akaonyesha. "Hapa."

"Na baada ya hapa?"

"Baada ya hapa," akasema bila ubaya wowote, "karatasi imeisha."

Mmoja wa wale wajumbe wanawake akacheka kwanza, kisha akaacha. Kidole akainuka. Aliwaeleza habari ya banda kuanzia mwanzo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika chumba kile. Wengine wao ndiyo kwanza walisikia kwamba bosi wao aliwahi kusimama majini mpaka magotini. Aliwaeleza kanuni ya kizibo. Akasema kwamba kiwanda hiki kilikuwa na uendelevu kabla neno halijafika, ulikuwa ni sauti ya mwanamke mmoja, na ulifika darajani. Hawezi kujenga kitu kitakachofanya waende nyuma kuliko pale. Kisha, kwa kuwa aliona hawajaelewa, akaenda dirishani, akaweka viganja mdomoni, akaita kama alivyokuwa akiita Shangazi.

Mlango ukafunguliwa. Katibu wake alisimama pale ameshika kikombe kimoja cha ziada na kiti cha kukunja.

"Samahani," akasema, "nimesikia kuna mgeni. Nimweke wapi?"

Chumba kizima kikapasuka. Bwana Kalamu alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Na katikati ya kicheko kile Kidole alisikia kitu alichokuwa amekikosa kwa miaka: kilianzia kwa mmoja mwisho wa meza na kufika kwa mwingine ambaye hakujua kinahusu nini.

Waliponyamaza, wote walimgeukia Mzee Kikohozi. Mzee akavuta pumzi, kifua kikapanda, kila mtu akangoja. Akakimeza kikohozi. Akasema mama yake alikuwa akifulia kwenye kijito, si hiki, kingine, lakini vijito vyote vina watu chini. Akanyoosha mkono kuyakubali mabwawa. Mikono mingine ikafuata. Wa Bwana Kalamu ulikuja mwisho, unapanda polepole kama bei ya soko baya, lakini ulikuja.

Banda lilibomolewa kiangazi. Waliobaki waliitwa waje kuchukua wanachotaka: Mrefu akachukua fimbo ya kugeuzia vitambaa, Mama Kicheko akachukua tofali, akasema atalitumia kuzuia mlango na kila atakapojikwaa atawatukana wote kwa majina. Shangazi alichukua kizibo cha hodhi lake, kizito, cha mbao iliyofungwa mpira. Kidole alisimama kando. Paa liliposhuka, jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia tangu banda lijengwe, akaona mahodhi yalivyokuwa madogo. Katika kumbukumbu yake yalikuwa bahari. Alitafuta kitambaa mkobani, akakuta amekisahau, akatumia mkono wa suti.

Wakati wa kufunga mitambo ya mabwawa idara ya rangi ilisimamishwa kwa muda, kijito kikatulia. Kikaanza kuonyesha mawe yake. Wanawake wa mtaa wa chini, ambao walikuwa wameacha kufua nguo nyeupe pale kwa muda mrefu, wakaanza kurudi mmoja mmoja, wazee na mabinti zao, mashuka yakajaa kwenye vichaka.

Siku ya kufungulia ilikuja na wageni waalikwa, viti vya plastiki na mpiga picha. Hapakupandwa mti. Bi Vipimo alishika gurudumu la lango la maji. Shangazi aliletwa akiwa ameshikwa mkono na Kidole, kizibo kwapani. Akapanda ukingo wa bwawa la mwisho kwa shida, akakataa kushikwa, akaweka viganja mdomoni.

Sauti ilitoka nyembamba, imechakaa pembeni, lakini ilikuwa ileile. "Mgeni huyooo!"

Kule bondeni mabinti waliinua vichwa tu, wakitafuta aliyekuwa akipiga kelele. Lakini mama zao hawakutafuta. Miili yao ilijua kabla ya akili. Wanawake wazima, wengine wenye magoti mabovu, waliruka kama wasichana, wakanyakua mashuka meupe kutoka majini, wakasimama nayo yakiwachuruzikia vifuani. Mabinti zao waliwakodolea macho kana kwamba mama zao wamepagawa.

Shangazi hakumwashiria Bi Vipimo. Alingoja. Wageni waalikwa wakatazamana; mpiga picha akashusha kamera. Mzee Kikohozi alitaka kuuliza kulikoni, Kidole akamgusa mkono, akamwambia tunangoja kuitikiwa.

Kisha ikaja, kutoka karibu na daraja, sauti ya mwanamke aliyekuwa amesahau kwamba aliwahi kuitikia hivyo: "Apiteee!"

Bi Vipimo akazungusha gurudumu. Maji yakatoka, yakateremka mferejini, yakaingia kijitoni. Hayakuwa na rangi yoyote. Kwa dakika ile Kidole, aliyekuwa amepigania jambo hili, alijikuta akitamani kuona wekundu, kidogo tu, walau kama chai nyepesi, ili ajue kwamba ilikuwa kweli, kwamba wote wale walikuwapo. Akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi kama maji.

Wanawake wa chini walisubiri na mashuka yao mikononi. Walitazama juu, wakatazama chini, wakatazamana.

"Mgeni mwenyewe yuko wapi?" mmoja akapaza sauti.

Shangazi alikuwa ameketi ukingoni, amekiweka kizibo miguuni, unyayo juu yake.

"Keshapita," akajibu.